Miguu Kuvimba Miezi ya Mwisho ya Ujauzito: Namna ya Kuituliza Hatua kwa Hatua

Viatu vilivyoingia vizuri asubuhi, jioni havivuliki. Ukivua soksi, alama ya lastiki imebaki kwenye ngozi, na ukibonyeza kifundo cha mguu kidole kinaacha shimo. Kwa wajawazito wengi waliofika miezi mitatu ya mwisho ndiyo hali ya kila siku, na kwa joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa kati ya Desemba na Machi huzidi. Majirani watakwambia ni kawaida, wengine wataongeza kwamba ni dalili ya mtoto wa kiume. Hilo la mtoto wa kiume liache lipite. La kwamba ni kawaida mara nyingi ni kweli, ila si jirani wa kukuhakikishia. Akuhakikishie aliyekupima presha na mkojo. Kwa hiyo tutaanza na vipimo, ndipo tufike kwenye mito, beseni na soksi.

Kwanza elewa maji hayo yanatoka wapi, maana ukishaelewa utajua kwa nini baadhi ya njia zinasaidia na nyingine ni kujisumbua. Mwili wa mjamzito huongeza damu kwa karibu nusu ya kiasi cha awali, na maji yote ya mwilini huongezeka kwa lita 6 hadi 8. Homoni za ujauzito hulegeza mishipa ya damu. Juu ya hayo, mfuko wa uzazi uliokwisha kuwa mzito hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni kwenda kwenye moyo, mshipa unaopita upande wa kulia wa uti wa mgongo. Damu inachelewa kupanda, na maji yake yanachuja kidogo kidogo na kutuama kwenye nyama za miguu. Dawa yake basi ni kuyasaidia yapande: kwa kuinua miguu, kwa kuichezesha, na kwa kuibana kwa nje.

Hatua ya 1: Jua kwanza ni uvimbe gani

Fanya uchunguzi huu mara mbili kwa siku, ukiamka na kabla ya kulala. Kaa kitandani, nyosha miguu yote miwili uione kwa pamoja. Weka kidole gumba juu ya mfupa wa mbele wa mguu, upana wa vidole vinne kupanda kutoka kwenye kifundo, ubonyeze taratibu huku ukihesabu hadi kumi, kisha uachie. Likibaki shimo, hapo maji yapo. Fanya hivyo kwenye mguu wa pili. Halafu tazama mikono: pete inazunguka, au imekwama? Mwisho muulize unayekaa naye kama uso wako umebadilika, kwa sababu wewe mwenyewe unayejiona kwenye kioo kila siku unaweza usigundue kope zilizojaa.

Uvimbe wa kawaida uko kwenye miguu yote miwili, unaongezeka jioni, na asubuhi unakuta umepungua. Miguu huwa mizito na ngozi inavuta, lakini haina maumivu makali. Na presha yako iko chini ya 140/90.

Usisubiri hatua yoyote ya mwongozo huu, nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona:

- uso au mikono imevimba ghafla, au uzito umepanda sana ndani ya siku chache;
- kichwa kinauma sana na hakitulii, unaona nyota, ukungu au giza;
- maumivu makali juu ya tumbo, hasa chini ya mbavu za kulia, au kutapika kulikoanza upya miezi hii ya mwisho;
- mtoto amepunguza kucheza;
- mguu mmoja tu umevimba, shavu la mguu linauma, lina joto au ngozi imebadilika rangi;
- unapumua kwa shida, hasa ukilala, au moyo unakwenda mbio bila sababu.

Dalili nne za mwanzo zinaweza kuwa za kifafa cha mimba kinachonyemelea. Ugonjwa huo huanza baada ya wiki ya 20, presha inapanda, na mara nyingi protini huonekana kwenye mkojo. Usipotibiwa unaweza kuleta degedege. Bado kuna familia ambazo mama akidondoka na kutetemeka humkimbiza kwa mganga wakidhani ni jini au karogwa, na muda unaopotea pale ndio unaoua. Hospitalini kuna sindano ya magneshiamu salfeti ya kuzuia degedege hilo na dawa za kushusha presha. Ya mguu mmoja inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa; usiuchue mguu huo hata kidogo, maana bonge likihama likafika kwenye mapafu ni hatari ya maisha. Ya mwisho inaweza kutokana na bonge hilohilo, au na moyo au upungufu mkubwa wa damu. Ukiona viganja vimepauka, umechoka kupita kiasi na unatamani kula pemba, yaani ule udongo wa sokoni, sema kliniki wakupime wingi wa damu.

Kuna jambo linalowapotosha wengi: presha ya mimba inaweza kupanda bila miguu kuvimba hata kidogo, na miguu ikavimba sana presha ikiwa nzuri. Huwezi kuisoma presha kwa kutazama miguu. Ndiyo maana kila unapokwenda kliniki pima vyote viwili, presha na mkojo, na uhakikishe vimeandikwa kwenye kadi. Nesi akisema vijiti vya mkojo vimekwisha, uliza ni wapi karibu utapata kipimo hicho, usiondoke tu.

Kama una mashine ya presha nyumbani, kaa kwenye kiti chenye mgongo kwa dakika tano bila kuzungumza, nyayo zikae sakafuni, mkono uegemee meza usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kinachofungwa mkononi kigusane na ngozi moja kwa moja, si juu ya mkono wa gauni. 140/90 au zaidi, nenda ukapimwe siku hiyo. 160/110 au zaidi ni dharura: tafuta usafiri sasa hivi.

Hatua ya 2: Inua miguu, lakini kwa namna inayofaa

Wengi wakiambiwa wainue miguu huiweka juu ya kigoda wakiwa wamekaa. Ni bora kuliko kuiacha inaning'inia, ila nyonga bado zimekunjwa na miguu bado iko chini ya moyo. Inayofanya kazi zaidi ni kulala kwa ubavu.

Lalia ubavu wa kushoto. Mto mmoja chini ya kichwa. Wa pili uweke katikati ya magoti ili nyonga zisiume. Wa tatu, au blanketi lililokunjwa, uweke chini ya miguu kuanzia magotini hadi nyayoni, ili miguu iwe juu kidogo kuliko moyo. Huna mito mitatu? Jaza nguo kwenye foronya ya zamani, au kunja khanga nne tano pamoja. Mgongoni egemeza kitu usije ukageuka chali usingizini. Lala hivyo dakika 20, mara tatu kwa siku kama nafasi inaruhusu: baada ya chakula cha mchana, ukirudi kazini, na kabla ya kulala usiku.

Kuna picha nyingi mitandaoni za wajawazito waliolala chali wameinua miguu ukutani. Mimba ikishakuwa kubwa, kulala chali kwa muda ndiko kunakokandamiza ule mshipa mkubwa. Utasikia kizunguzungu, jasho jembamba, kichefuchefu. Ukipenda njia hiyo, weka mto chini ya nyonga ya kulia ili tumbo lielekee kushoto, na kaa dakika chache tu. Ukisikia vibaya, geuka ubavu mara moja.

Kiungulia nacho huleta ubishi hapa. Miguu ikiinuliwa mara tu baada ya kula, tindikali inapanda kifuani. Ngoja kama saa moja, au nyanyua kichwa na mabega kwa mto wa ziada huku miguu ikiwa juu vilevile. Mwili utakaa kama machela iliyolegea katikati, na si vibaya.

Hatua ya 3: Chezesha vifundo

Misuli ya shavu la mguu ikijikunja inakamua mishipa na kusukuma damu juu. Ukisimama bila kutembea, au ukikaa bila kujongea, kazi hiyo inasimama.

Kaa au lala. Vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, kisha visukume mbali, mara 30. Zungusha kifundo mara 8 upande mmoja na mara 8 upande mwingine. Hamia mguu wa pili. Haichukui dakika tatu, na unaweza kufanya ukiwa kwenye foleni ya kliniki au kwenye daladala uliyobahatika kupata kiti. Ukiwa umesimama, shika meza au ukuta, nyanyuka kwa vidole, shuka taratibu.

Kutembea kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Tembea asubuhi kabla jua halijawaka au baada ya alasiri, nusu saa, mwendo ambao bado unaweza kuzungumza bila kuhema. Kama daktari amekuzuia kwa sababu ya damu kutoka au kondo kukaa chini, shika alilosema yeye.

Hatua ya 4: Tumia maji

Beseni la maji ya uvuguvugu au ya baridi kidogo linatuliza miguu iliyochoka. Maji yafike juu ya vifundo, ukae dakika 15 hadi 20 huku ukichezesha vidole. Usitumie ya moto. Najua kukanda kwa maji ya moto ni desturi yetu na baada ya kujifungua kuna mabibi wasiokubali kitu kingine, lakini joto hutanua mishipa na miguu inazidi kujaa. Mjini kuna mtego mwingine: maji ya simtanki saa nane mchana hutoka bombani yakiwa karibu kuchemka. Kinga ndoo alfajiri uiweke kivulini.

Chumvi ndani ya beseni si ya lazima. Maji hayavutwi kutoka mguuni na chumvi hiyo.

Njia yenye nguvu zaidi ya beseni ni kusimama ndani ya maji ya kina, yafike kiunoni au kifuani. Uzito wa maji unabana miguu pande zote, unasukuma yaliyotuama yarudi kwenye damu, kisha figo zinayatoa. Usishangae kwenda haja ndogo mara kadhaa baadaye, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Bwawa la kuogelea safi linafaa. Baharini, chagua penye mchanga mtupu na maji matulivu, mwende wawili, dakika 20 hivi za kutembea polepole zinatosha. Walio kando ya Ziwa Victoria wasijaribu hili ziwani, kwa sababu ya kichocho. Na chupa ikishapasuka, maji ya bwawa au bahari basi.

Hatua ya 5: Soksi za kubana

Zinauzwa kwenye maduka makubwa ya dawa na maduka ya vifaa vya hospitali. Kwa uvimbe wa kawaida tafuta zenye mgandamizo wa 15 hadi 20, kipimo kilichoandikwa kwenye boksi kwa herufi mmHg. Zinazofika chini ya goti zinatosha wengi, na kwenye joto letu zinavumilika kuliko zile za kufika tumboni. Usinunue kwa kukisia. Pima mzunguko wa kifundo pale pembamba zaidi, na wa shavu la mguu pale panene, upime asubuhi, kisha linganisha na jedwali la kwenye boksi.

Kosa la wengi ni kuzivaa saa nne, baada ya kufagia, kupika na kuwaandaa watoto shule. Wakati huo miguu imeshajaa. Zivae kabla hujashuka kitandani; kama umeshashuka, lala kwanza miguu ikiwa juu kwa robo saa. Ingiza mkono ndani ya soksi ushike kisigino chake, igeuze nje-ndani hadi pale kisigino kilipo, penyeza vidole na unyayo, hakikisha kisigino kimekaa mahali pake, kisha ipandishe kidogo kidogo huku ukilainisha mikunjo. Usiivute kwa juu kama suruali, na usiikunje ukingo ikiwa ndefu: ule mkunjo hugeuka kamba. Tumbo likikuzuia kuinama, mume au dada wa nyumbani ajifunze. Usiku zivue. Ukisikia ganzi, vidole vikipoa au kubadilika rangi, ni ndogo mno. Mwenye kisukari au vidonda miguuni amwone daktari kabla ya kuzivaa.

Hatua ya 6: Viatu, nguo, chakula

Viatu nunua jioni, miguu ikiwa mikubwa. Sandozi yenye mkanda unaolegezwa ni bora kuliko ndala, maana ndala hulazimisha vidole kushika na ni rahisi kuteleza. Soksi za kawaida zenye lastiki kali acha. Dera limekuja kama limetengenezwa kwa ajili yenu. Pete ikianza kubana ivue mapema. Mkono uliojaa unailazimisha kukatwa.

Usijinyime maji ya kunywa ukidhani utapunguza uvimbe. Mwili uliokaukiwa hung'ang'ania maji, na kwenye joto utaishia na kizunguzungu na maambukizi ya mkojo. Kunywa hadi mkojo uwe na rangi hafifu. Chumvi nayo haihitaji kuondolewa kabisa, na kuiacha hakuzuii kifafa cha mimba. Punguza ile iliyofichika: vidonge vya supu vya pakiti, ng'onda, soseji, krispi, chumvi ya kunyunyizia juu ya chipsi. Kula maharage, choroko, mayai, dagaa, mchicha, na ndizi mbivu. Vidonge vya madini ya chuma ulivyopewa kliniki meza, hata kama choo kinakuwa cheusi.

Kazini na safarini

Mama lishe anayesimama mbele ya jiko tangu alfajiri, mwalimu, muuza duka, mshonaji: kwenu ushauri wa kulala mara tatu kwa siku unaweza kuonekana kama mzaha. Basi gawanyeni kazi kwa mkao. Kumenya, kuchambua mchele na kukata mboga kufanyike ukiwa umekaa, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Penye kusimama, weka kitofali ukanyagie mguu mmoja, ubadilishe. Kila nusu saa, mizunguko ya vifundo. Mshonaji asikunje mguu mmoja chini ya paja, na usikae umepishanisha magoti.

Kwa walioajiriwa Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakuruhusu kuanza likizo ya uzazi wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua. Wengi huibana hadi siku ya mwisho ili wabaki na siku nyingi za mtoto. Naelewa hesabu hiyo, lakini kwa mtu ambaye viatu vimeshamkataa, wiki moja ya mapema si hasara.

Kwenye basi la mbali omba kiti cha pembeni mwa njia, vaa soksi za kubana, chezesha vifundo kila nusu saa, na kila basi linaposimama shuka utembee, hata kama huna haja. Safari ndefu ya ndege au basi miezi ya mwisho iulizie kliniki kwanza, kwa sababu ya damu kuganda.

Vya kuacha kabisa

Usimeze vidonge vya kukojosha, ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Lasix, kwa kuazimwa au kwa kununua mwenyewe. Hupunguza maji kwenye damu, na damu hiyo ndiyo inayomlisha mtoto. Daktari anaweza kuvitoa kwa ugonjwa wa moyo, si kwa vifundo vilivyojaa. Diklofenaki na ibuprofeni nazo si za kumeza baada ya wiki ya 20 bila daktari. Mizizi na majani ya "kushusha maji" hakuna anayejua kipimo chake, na baadhi huchokoza uchungu.

Kuchua kwa mafuta ya nazi ni sawa, miguu yote miwili ikiwa imevimba sawasawa na haina maumivu. Anza vidoleni kupanda kuelekea gotini, kwa kiganja kizima, taratibu. Usikandamize kwa nguvu.

Baada ya kujifungua

Wengi hushtuka kuona miguu imevimba zaidi siku za kwanza baada ya kuzaa, hasa walioongezewa maji ya dripu au waliopasuliwa. Maji yale hutoka kwa mkojo na jasho, na ndani ya wiki moja au mbili miguu hurudi. Endelea na soksi, kutembea ndani ya nyumba na mto chini ya miguu. Arobaini isigeuzwe kuwa siku za kulala tu, kwa kuwa kulala muda mrefu huongeza hatari ya damu kuganda.

Dalili za hatari za kwenye hatua ya 1 bado zinahesabika. Kifafa cha mimba kinaweza kutokea hadi wiki sita baada ya kujifungua, hata kwa aliyekuwa na presha nzuri mimba nzima. Kichwa kikianza kumuuma mama sana siku ya tano au ya kumi, ndugu msikuhusishe na uchovu wa kunyonyesha: chukueni kadi, mrudi kupima presha, na mkifika mlangoni semeni wazi kwamba amejifungua karibuni.